Jambo Hili Liachie Kanisa

Ajiambo hakupiga hodi. Alisukuma mlango wa godauni la mizigo pale stesheni ya Voi, akapita katikati ya magunia na wapagazi, amemshika mkono binti yake Margaret. Alexander Mwandawiro, karani wa godauni, alipogeuka aliona kwanza leso iliyofungwa kichwani mwa mtoto, kisha akaona damu iliyopenya leso upande wa sikio la kushoto.

"Ameanguka?" akauliza.

"Amepigwa. Muulize mwenyewe ni nani. Mimi ulimi wangu unakataa kulitaja hilo jina."

Margaret alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Alitazama vidole vya miguu yake. "Mwalimu Reuben," akasema.

Alexander alidhani hakusikia vizuri. Reuben alikuwa katekista wao, kijana wa milimani aliyelitunza kanisa la Voi kama mtu anavyomtunza mama yake. Alikuwa na sauti ambayo hata walevi wa sokoni walinyamaza kuisikiliza. Mume wa Ajiambo, Msamia aliyefanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia ya reli, alipougua homa iliyomuua, ni Reuben aliyekaa naye mpaka mwisho, na ni Reuben aliyeshika jembe kuchimba kaburi wakati wengine walikuwa bado wanatafutana. Sasa jina hilohilo lilikuwa limetoka katika kinywa cha mtoto huyu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Watoto wa darasa la ubatizo walikuwa wakikariri amri za Mungu. Mbuzi mmoja akaingiza kichwa dirishani, akalia, na Margaret akacheka. Reuben akamzaba kofi la sikio, mtoto akaanguka chini. Reuben akamwamuru asimame aendelee na amri aliyokuwa ameifikia, naye akasimama, lakini hakusikia tena wenzake walikuwa wanasema nini.

"Nampeleka kwa dresa wa zahanati," Ajiambo akasema. "Nikitoka huko naenda polisi. Nimepita kwako kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa na sikutaka uyasikie kwa watu."

Alexander alimvuta kando, mbali na masikio ya wapagazi. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Karibu kila wiki magari ya moshi yenye waya madirishani yalipita pale yakipeleka watu kizuizini Manyani, na mtu wa kawaida hakupenda hata kivuli chake kiguse ukuta wa polisi.

"Mama Margaret," akamwambia, "wewe ni mjane, tena mgeni hapa. Ukiingia pale watakuuliza mambo mengine kabisa. Pasi yako iko wapi, unakaa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa ruhusa ya nani, marehemu alikuwa na urafiki na nani. Tena nani atakusaidia? Jambo hili liachie kanisa. Kanisa lina nidhamu yake. Hatumfichi mtu."

Ajiambo alimvuta mtoto karibu naye. "Hilo ni neno la kanisa ama ni neno lako?"

"Ni neno moja," Alexander akajibu, na alipolisema aliliamini.

Aliliamini kwa sababu alikuwa ameiona nidhamu hiyo ikifanya kazi. Mwanzoni mwa mwaka ule ule wazee walimweka nje ya Meza ya Bwana ndugu mmoja aitwaye Ochola, fundi wa breki za mabehewa, kwa kuonekana akinywa busaa kwenye matanga. Ochola hakubisha. Alihamia benchi la nyuma na kila Jumapili alikuwepo, ameshika kofia yake mapajani. Alexander mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono kukubali adhabu ile. Ilimuuma, maana Ochola alikuwa rafiki, lakini alirudi nyumbani akihisi kwamba kanisa ni kitu kilichonyooka.

Padre wao alishuka kutoka Wundanyi kwa lori la mboga. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kikohozi kisichomwacha, na makanisa yake yalitapakaa kuanzia kwenye ukungu wa milimani mpaka kwenye nyika ya Kasigau. Baraza la wazee wa kanisa lilikaa siku hiyohiyo. Reuben aliitwa, akapiga magoti bila kuambiwa.

"Nilimpiga," akasema. "Hasira ilinishika. Sina la kujitetea."

Alilia, na wazee wawili walilia pamoja naye. Wakaamua: Reuben aachishwe kufundisha, asishiriki Meza, aondoke Voi, aende Makwasinyi, chini ya mlima wa Kasigau, akakae chini ya uangalizi wa mzee wa kanisa la huko mpaka baraza litakaporidhika. Alexander ndiye aliyetumwa kumpelekea Ajiambo habari. Alimkuta akikaanga mandazi yake ya kuuza stesheni, na Margaret amekaa kando, amegeuza kichwa kuelekea upande mmoja kama ndege.

"Dresa anasema ngoma ya sikio imepasuka," Ajiambo akasema. "Anasema labda itajifunga yenyewe, labda haitajifunga."

"Tutaomba," Alexander akasema, kisha akamweleza uamuzi wa baraza.

Ajiambo aligeuza mandazi kwenye mafuta. "Umesema mpaka baraza litakaporidhika. Wewe uko barazani?"

"Niko."

"Basi nimeridhika kwa sababu yako," akasema.

Miezi ikapita. Mvua za vuli zikaja kidogo, zikakatika. Mke wa Alexander, Tryphena, aliendelea kushuka kutoka shamba lao la Mbololo siku za soko akiwa na maharage na viazi vitamu, na Jumapili walikaa pamoja kanisani. Padre alipokuja kutoa Meza, walisalimiana mlangoni kama kawaida, wakaulizana habari za mvua, za watoto, za wagonjwa. Katekista mpya hakuletwa. Wazee walifundisha kwa zamu. Kuhusu Reuben, baraza halikuuliza kitu na wala halikuambiwa kitu, na Alexander alichukulia ukimya ule kuwa ndiyo adhabu inaendelea.

Mwezi wa nane uliofuata kukawa na mkutano mkubwa wa uamsho pale Voi. Watu wa wokovu walikuja kutoka milimani, wengine kutoka Taveta, wakajaza uwanja nyuma ya kanisa. Siku ya pili, wakati wa shuhuda, kikundi cha Kasigau kilipanda jukwaani, mbele kukiwa na watoto waliovaa mashati meupe, na aliyewaongoza kuimba alikuwa Reuben.

Alexander alimgeukia Tryphena. Tryphena alikuwa ameshamwona.

"Mlimrudisha?" akamnong'oneza mumewe.

"Sisi? Hapana. Sijui."

Wimbo ulipokwisha Reuben alisimama peke yake mbele ya umati. Akasema kwamba alikuwa mtumwa wa hasira, kwamba hapa hapa Voi hasira ilimtia aibu mbele ya Mungu, na kwamba sasa damu ya Yesu imemwosha. Hakumtaja mtoto. Sauti yake ilitetemeka, na ile sauti ilikuwa bado ni ile ile. Uwanja mzima ukainuka kwa wimbo wa ushindi, ndugu wakamkimbilia, wakamkumbatia. Alexander alijikuta na yeye yuko kwenye foleni ya kumkumbatia, machozi yanamtoka, bila kujua kama ni ya furaha. Reuben alimshika mabega kwa nguvu. "Ndugu yangu Mwandawiro," akasema, "wewe ulinisimamia vema." Alexander akaitikia asante. Halafu akatafuta mahali pa kukaa, maana hakujua anashukuru nini.

Nyuma ya umati, karibu na beseni lake la mandazi, Ajiambo alikuwa amesimama akitazama wale watoto wa Makwasinyi wenye mashati meupe. Hakuwa akimtazama Reuben hata kidogo.

Kesho yake alikuja godauni. Safari hii alibisha hodi.

"Mzee Mwandawiro," akasema, "ile adhabu iliisha lini?"

"Sijui, Mama Margaret."

"Ni nani aliyeimaliza?"

"Sijui."

"Sasa anayejua ni nani?"

Alexander alianza kupanga upya hati za mizigo mezani.

"Sikuulizi kwa ubaya," Ajiambo akasema. "Nimeambiwa na akina mama kwamba moyo wangu ni mgumu, kwamba ndugu ametubu na mimi ndiye niliyebaki na dhambi. Labda ni kweli. Nimekaa usiku nimejipima, sijapata jibu. Lakini Margaret nikimwita akiwa amenipa upande ule, haitiki. Nilikuachia jambo. Nataka kujua uliliweka wapi."

Jumamosi ile Alexander aliomba ruhusa kazini, akapakia baiskeli yake kwenye gari la mizigo mpaka Maungu, na kutoka hapo akakanyaga kwenye barabara ya vumbi jekundu kuelekea mlima wa Kasigau. Njia nzima alijisemea kwamba atakuta maelezo. Pengine baraza lilikaa siku aliyokuwa zamu. Pengine kuna ujumbe uliopotea. Mavi ya ndovu yalikuwa bado mabichi barabarani, lakini mawazo yake yalikuwa mbali hata hakuyaogopa.

Mzee wa kanisa la Makwasinyi aliitwa Mwadime, mtu mrefu aliyelima mtama na kufuga nyuki. Alimpokea vizuri, akampa maji na kigoda.

"Nimekuja kuhusu Mwalimu Reuben," Alexander akasema. "Uangalizi wenu mliufanyaje?"

"Uangalizi gani?"

"Mlipoletewa. Ili awe chini yako."

Mwadime alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wa mgeni wake. "Awe chini yangu? Mzee Mwandawiro, sisi tulikaa bila mwalimu tangu wakati wa vita. Padre alituletea huyu, akatuambia, haya, mmepata baraka, mtunzeni. Tukamjengea nyumba. Jumapili iliyofuata akaanza darasa la watoto."

"Jumapili iliyofuata?"

"Kwani angesubiri nini?"

Alexander alihisi kitu kikizunguka ndani ya kichwa chake kama gurudumu lililotoka kwenye ekseli. "Na watoto? Wako salama?"

Mwadime alitazama ndani ya kikombe chake. "Ni mkali," akasema. "Mzazi mmoja alimtoa mwanawe, mwingine pia. Tulisema ni watu wasiopenda mafundisho, tukawaonya." Akaweka kikombe chini. "Mzee, kuna jambo tulipaswa kuambiwa?"

Hapo ndipo Alexander alipokwama. Jambo la barazani halisemwi nje ya baraza, ndivyo alivyofundishwa. Lakini kama Makwasinyi hawakuambiwa, hilo baraza lilikuwa likimficha nani, na kutoka kwa nani? Alilitamka lote, kwa kusitasita, kuanzia mbuzi wa dirishani hadi mtoto anayegeuza kichwa. Mwadime alisikiliza akiwa ameshika magoti yake. Alexander alipomaliza, mzee yule alisema neno moja tu kwa Kidawida, lugha yao ya nyumbani, neno ambalo mtu wa kanisa halisemi, akatoka nje.

Reuben alikuwa nyumbani kwake akitengeneza kiti. Alifurahi kumwona mgeni, akamletea maziwa ya mgando, akataka kumchinjia kuku. Alexander alikaa na kibuyu cha maziwa mkononi bila kunywa.

"Reuben, nani alikuruhusu kufundisha?"

"Padre. Alisema nianze polepole. Alisema hapa watu wana njaa ya Neno na moyo wangu umeshapondeka vya kutosha." Alisema bila kuficha, akigonga misumari ya kiti chake, kama mtu anayejibu swali la njia. "Nilidhani baraza linajua."

"Unajua Margaret hasikii sikio lile?"

Nyundo ilibaki hewani. "Margaret alipona," Reuben akasema.

"Hakupona."

"Padre aliniambia amepona. Mwaka jana, kabla ya Krismasi. Nilipiga magoti hapa hapa nikamshukuru Mungu. Nisingesimama pale Voi kama..." Hakumaliza. Aliketi chini sakafuni, akafunika uso. Alexander alimtazama na hakujua amwonee huruma au amchukie. Alitamani mtu yule awe mwongo. Angekuwa mwongo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini machozi yale yalikuwa ya kweli, na ya mwanzo pengine yalikuwa ya kweli pia, na yote hayakumfanya mtoto asikie, wala hayakuwazuia wazazi wawili wa Makwasinyi kuonywa kwa kuwatoa watoto wao.

"Na hawa wa hapa?" akauliza. "Umewapiga?"

Reuben aliondoa mikono usoni. "Si kama yule," akasema.

Alexander hakulala pale. Alikanyaga mpaka Maungu, na Jumatatu, badala ya kwenda kazini, alipanda lori la kwenda Wundanyi. Barabara ilizunguka milima, ubaridi ukaanza kumwingia kwenye koti, na kila kona aliyopita alipanga upya maneno yake, na kila kona yakapotea.

Padre alimpokea chumbani kwake, shingo imezungushiwa skafu. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ni kweli nilimpa darasa," akasema mwisho. "Ningefanyaje, Alexander? Kasigau nzima haikuwa na mtu wa kusoma hata Injili. Na yule kijana ana karama. Nilimwonya, tukaomba, akalia. Nilimwona amevunjika."

"Baraza lilisema mpaka litakaporidhika."

"Baraza ni mimi na ninyi. Kuna siku mlikuja kuniuliza?"

"Tulidhani wewe utatuambia."

"Na mimi nilidhani mngeniuliza." Padre akakohoa, akajifuta mdomo. Hakuwa na hasira. Alionekana mchovu tu.

"Ochola alitubu siku ile ile," Alexander akasema, "na mpaka leo yuko benchi la nyuma. Yeye alikunywa busaa, hakumgusa mtu."

Padre alitazama dirishani. "Ochola. Ee. Huyo nilimsahau," akasema polepole. "Ilibidi mnikumbushe."

Mwaka mzima na zaidi mtu alikaa ameshika kofia yake akingoja, na aliyemweka pale alikuwa amesahau. Alexander akauliza lile lililobaki, kwa sauti ndogo. "Padre, ulimwambia Reuben kwamba mtoto amepona. Ni nani aliyekuambia wewe?"

"Si ni wewe?" Padre akashangaa kweli. "Mlangoni pa kanisa, Voi. Nilikuuliza, yule mtoto wa Ajiambo je? Ukaniambia, anaendelea vizuri, Padre. Nikamshukuru Mungu."

Alexander alitafuta kumbukumbu ile, akaipata. Mlango, jua, watu wakipita, mkono wa Padre mkononi mwake. Anaendelea vizuri. Alikuwa amesema vile watu wanavyosema. Mtu akikuuliza habari unajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua, ndipo unaanza kueleza. Yeye hakuanza kueleza, kwa sababu watu wengine walikuwa nyuma yake wakisubiri kusalimia.

"Nilijibu salamu," akasema.

"Na mimi nikasikia jibu," Padre akasema.

Hawakugombana. Padre aliahidi kwamba Reuben ataacha darasa mara moja na kwamba atalifikiria jambo lote upya. Akamwombea Alexander safari njema. Njiani kushuka, Alexander aligundua kwamba hakumuuliza nani atahakikisha, na kwamba hakumuuliza kwa sababu alikuwa anajua jibu.

Alipofika nyumbani Tryphena alikuwa amekuja na maharage. Alimweleza yote.

"Sasa kosa ni la nani?" akamuuliza mkewe. "Nikilifuata naona linaanzia kwa Reuben, halafu linapita kwa Padre, halafu linarudi kwangu, halafu linatoka tena. Silishiki."

Tryphena alikuwa anachambua maharage. "Hilo utalitafuta mpaka uzeeke. Mama Margaret umeshamwambia?"

"Nitamwambia nini?"

"Ulichokiona. Alikuuliza uliliweka wapi. Mwambie."

Akaenda. Ajiambo alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha landhi, na Alexander hakuruka kitu, hata lile la salamu. Alimaliza kwa kusema, "Neno nililokupa lilikuwa tupu. Sikujua kwamba ni tupu."

Ajiambo hakumtukana wala hakumpoza. Alichukua leso yake msumarini, akajitanda.

"Twende polisi," akasema. "Utasema mwenyewe vile umeniambia hapa."

Koplo aliyekuwa kaunta aliuliza kwa nini walisubiri mwaka mzima, na Alexander akajibu, "Mimi ndiye niliyemzuia." Jambo lilikwenda polepole, kisha ghafla likaenda haraka. Mwadime alikuja kutoka Makwasinyi na wale wazazi wawili. Reuben aliletwa mbele ya mahakama ya Bwana DO, mkuu wa serikali wa pale, akakiri kila alichoulizwa, akafungwa miezi michache na kazi ngumu. Alipokuwa akitolewa nje alimpita Alexander karibu sana. "Afadhali," akasema. Alexander aliwaza neno lile kwa siku nyingi. Afadhali nini? Afadhali kwa nani?

Baraza la Voi lilikaa wiki hiyohiyo. Wazee walisoma mahali katika Maandiko panapokataza ndugu kumpeleka ndugu mbele ya wasioamini, na kabla chai haijapoa walikuwa wamemweka Alexander nje ya Meza na kumvua uzee wa kanisa. Kazi ilifanyika vizuri, bila kusahau kitu. Mwandishi wa baraza alimletea habari jioni ile ile. Katika mkutano huohuo, kwa kuwa mtu aliwakumbusha, walimrudisha Ochola.

Watu waligawanyika. Wengine walimsalimia Alexander kwa kichwa tu. Mama mmoja alimwambia Tryphena sokoni kwamba mumewe amefunga mdomo ulioimba vizuri kuliko yote Taita. Wengine walikuja kimya kimya kumpa mkono, lakini Jumapili hawakukaa karibu naye. Ajiambo alimhamishia Margaret shule nyingine, ambako mwalimu alimkalisha mbele, sikio la kulia likimwelekea, na mtoto akaanza tena kushika masomo. Kanisani Ajiambo hakurudi. Alexander alipomuuliza kama ameacha imani, alijibu, "Mimi namwomba Mungu vilevile. Hao wengine ndio sijui nifanye nao nini."

Alexander naye hakujua. Jumapili nyingine alivaa koti lake akaenda, akasikiliza mahubiri, na kila neno alilipima kwa mashaka kama mtu anayegonga sarafu ya bandia. Jumapili nyingine alivaa koti lile lile, akafika nusu ya njia, akageuza akaenda kukaa na wapagazi. Tryphena hakumlazimisha. "Ukienda tutaenda wote," alimwambia, "usipokwenda nitakuletea habari." Kilichomsumbua zaidi si hasira, maana hasira angejua la kuifanyia. Kilichomsumbua ni kwamba bado aliwapenda. Alimpenda Padre na kikohozi chake. Kuna siku alijikuta akiukosa ule wimbo wa Reuben, na akajionea haya.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya, mchana mmoja wa joto, Mwadime aliingia godauni, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umefika mpaka huku, Mzee?" Alexander akamshangaa. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tumeletewa mwalimu mpya." Mwadime alikubali kiti, akafuta uso. "Kijana tu, anatoka upande wa Taveta. Wazee wenzangu wakasema, safari hii tuulize kwanza. Tukakaa tukajiuliza, tumuulize nani? Wakanituma kwako."

"Kwangu? Mimi si mzee wa kanisa tena. Niko nje."

"Tunajua uko nje."

Alexander aliangalia wapagazi wakisukuma kigari. "Jina lake nani?"

Mwadime alimtajia. Alexander alilirudia jina lile moyoni, akalipitisha kwa kila mtu aliyewahi kukutana naye, halikugusa popote.

"Simjui, Mzee Mwadime. Sijawahi hata kumsikia."

"Basi," Mwadime akasema, na hakuinuka. Alikaa pale kama mtu aliyekuja na mzigo akakuta ghala limefungwa. "Sasa tufanyeje?"

"Hata hilo sijui," Alexander akasema. Akakuna ndevu. "Darasa lake ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Wazazi huingia?"

"Hapana. Nani huingia darasa la watoto?"

"Ingieni," Alexander akasema, bila uhakika. "Kaeni tu. Mmoja Jumamosi hii, mwingine ile."

"Atasema hatumwamini."

"Pengine atasema."

Mwadime alifikiri, akatikisa kichwa, na haikuonekana kama amekubali au amekataa. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kupata chai, maana hajala tangu Maungu, na Alexander akachukua kofia yake, wakatoka pamoja kwenda kumtafuta Ajiambo na beseni lake la mandazi.